Morisi Iliyogeuzwa Betri

Siku dalali alipokuja Temeke kuichukua Morisi ya marehemu Shomari, alimkuta mjane amekwisha kukaa ndani yake. Somoe alikuwa amejifunga buibui lake barabara, kavuta mlango, kaukamata usukani kwa mikono miwili. Aliyetaka kuliuza gari lile amuuze na yeye.

"Shemeji, teremka," alisema Mwishehe, mdogo wake marehemu. "Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Aibu umeileta wewe, umeishika mkono mpaka mlangoni."

Dalali akajifanya anatazama matairi. Mwishehe naye hoja yake ilijulikana mtaa mzima, kwa kuwa hakuna baraza ambalo hakulitangazia: gari limemfuata mwenyewe. Tangu Shomari azikwe, betri haikai na chaji. Unaijaza asubuhi, jioni imekwisha. Dinamo inayoijaza betri imekufa, dawa hakuna, liuzwe kabla kuku hawajaanza kutagia ndani.

Somoe hakuwa na mtoto wala shamba. Alichobaki nacho ni fungu lake katika gari lile, na nia yake: litembee, libebe abiria wa Kariakoo kama zamani, naye aendelee kuishi katika chumba chake na mumewe. Likiuzwa, atarudishwa kwa kaka yake Mbagala akalee watoto wa wifi na kuombaomba sabuni. Hilo aliapa halitakuwa.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba gari liliharibika yeye akiwa edani. Mjane wa eda hatoki. Alikaa chumbani na nguo zake za msiba, akisikia boneti inafunguliwa, boneti inafungwa. Mwishehe alikuwa akiichomoa betri kwenda kusikilizia redio yake, kisha akiirudisha kwa mikono yake mwenyewe, eti fundi. Utingo wa lori la Kimarekani pale Kurasini, huyo ndiye fundi! Na Somoe, ambaye kila asubuhi alimsomea mumewe sindano ya kipimo cha chaji wakati ameinama kwenye injini, alikuwa ndani, mdomo umefungwa.

Bi Mwanaasha, mama mkwe, alikuwa kibarazani anatafuna tambuu. Katika nyumba ile hakikuuzwa hata kinu bila neno lake, na neno lake alikuwa bado hajalitoa.

"Mama," Somoe aliita kupitia dirisha la gari, "nimemwita Fundi Leonardi wa Keko. Akisema limekufa, mie nateremka, na nguo zangu nafungasha leo leo."

Aliyasema kwa sauti kubwa. Moyoni hakuwa na hakika ya chochote.

Leonardi, Mmwera wa Masasi asiyependa maneno mengi, alifika na mfuko wake wa spana. "Shikamoo, bibi," alimwamkia Bi Mwanaasha.

"Marahaba, baba. Tazama gari. Nyuso za watu ziache."

Kabla fundi hajagusa boneti, Mwishehe alimrukia kwa maneno. "Usijisumbue! Dinamo ndiyo mbovu. Nyaya zote nimefunga mie mwenyewe, ziko sawa, na ushahidi huu hapa." Akapenyeza mkono dirishani, karibu amkwaruze Somoe shavu, akawasha taa. Taa zikatoa mwanga wa kibatari kilichoishiwa mafuta. Sindano ndogo mbele ya usukani ikaamka, ikalala kulia, upande wa chaji. "Mmeona? Chaji inaingia. Haikai tu, kwa kuwa gari limekufa."

Somoe aliikodolea macho ile sindano. Kisha akacheka. Alicheka mpaka dalali akageuka, maana tangu msiba hakuna aliyemsikia mwanamke yule akicheka.

"Shemeji, injini inanguruma?"

"Imezimwa. Huna masikio?"

"Dinamo inazunguka?"

"Itazungukaje, na injini imezimwa?"

"Sasa nani anachaji? Majini?"

Mwishehe akagonga kioo cha sindano kwa kidole.

"Taa zikiwaka na injini imelala, betri inaliwa," Somoe alisema, na sasa sauti ilikuwa inapanda yenyewe. "Sindano ilale kushoto. Nimeisoma miaka yote ya ndoa yangu, shemeji! Kama inalala kulia, kuna mtu kaigeuza betri."

Leonardi alikuwa amekwisha kufungua boneti. Alitazama, akaguna, akamwita Bi Mwanaasha aje aone. Betri ina vichwa viwili, alimweleza, na kimoja ni kinene makusudi ili mtu asikosee. Hapa waya wa kichwa chembamba ulikuwa umepanuliwa kwa patasi upate kuingia kwenye kile kinene. Na chembamba kilikuwa kimevishwa kipande cha bati la debe, kijaze nafasi.

"Nani kakivisha bati?" Bi Mwanaasha aliuliza.

"Nyaya zilikuwa hazishiki," Mwishehe alinung'unika. "Na hasi ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Kurasini kila mtu anajua."

"Kwenye lori lako la Kimarekani, ndiyo. Hili la Kiingereza, bodi inashikwa na chanya." Leonardi akafunua kikasha kidogo cha kataut, kinachoiunganisha dinamo na betri. Ndani mlikuwa mmejaa masizi. "Dinamo ilisukuma huku, betri ikasukuma kule. Meno haya yanayogusana kupitisha umeme yakaungua katikati. Gari halijafa, bibi. Limefungwa kinyume."

Mwishehe angeweza kusema nimekosea, mambo yakaisha. Watu wangemsamehe. Lakini alikuwa amekwisha kutangaza kifo cha gari lile kutoka Temeke mpaka Kurasini, na mtu wa namna hiyo ni heri auze mali ya nduguye kuliko kuonekana hajui. Alisimama pale anajifuta jasho, na Somoe hakumhurumia hata chembe.

Leonardi aliigeuza betri, akayasugua meno ya kataut kwa msasa, kisha akachukua waya kutoka kwenye betri akaugusisha kwenye dinamo mara moja. Cheche ikaruka. "Dinamo nimeikumbusha upande wake," alisema. "Washa taa, dada."

Somoe akawasha. Sindano ikalala kushoto. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Lakini betri haikuwa na nguvu ya kuiamsha injini, na hendeli ya kuzungushia ilikwisha kupotea mikononi mwa Mwishehe. Ilibidi gari lisukumwe.

"Haya, teremka," Mwishehe alisema, uhai umemrudia. "Limepona, mie nitaliendesha. Mwanamume wa nyumba hii ni mie. Wewe hata leseni huna."

"Leseni nitaikata. Kuendesha, Shomari alinifundisha pale uwanja wa Chang'ombe, na nyie mlitucheka mpaka mkachoka. Siteremki."

"Utateremka!" Akaja akasimama mbele ya gari, mikono kaikita juu ya boneti.

Bi Mwanaasha akatema tambuu yake. Akaja polepole, akamzunguka mwanawe kana kwamba ni nguzo, akafungua mlango wa abiria, akaketi, akazikusanya kanga zake.

"Mwishehe."

"Naam, mama."

"Nenda nyuma ukasukume. Na dalali wako akusaidie."

Mwishehe akaiondoa mikono juu ya boneti. Walisukuma, utingo na dalali, vichwa chini, vumbi la Temeke likiwapanda mpaka kwenye nyusi. Somoe alitia gia, akaachia klachi. Gari likashtuka, likakohoa, likanguruma, na sindano ikalala kulia, safari hii kwa haki.

"Simama!" Mwishehe alipiga kelele huko nyuma, anakimbia, pindo la kanzu mkononi. "Simama na mie nipande!"

"Anasema usimame," Bi Mwanaasha alisema.

"Nimemsikia, mama," Somoe alijibu, akakanyaga mafuta.