Vibarua Waliokanyagana

Kompyuta mpya ilipofika katika ofisi ya utabiri wa mafuriko, Mhandisi aliiringia kana kwamba kaizaa mwenyewe. Ilikuwa na viini kumi na sita, yaani vichwa kumi na sita vya kupiga hesabu kwa pamoja, na ile ya zamani ilikuwa nacho kimoja tu. Siku hiyohiyo alimpigia simu mdogo wake, mfyatua matofali bondeni, kando ya mto.

"Safari hii usihangaike kuhamisha matofali kila wingu likitanda," alimwambia. "Mvua ikinyesha huko juu, kabla ya saa sita mchana nitakuwa nimeshakwambia kama mto utafurika. Usinyanyue hata moja mpaka nikupigie."

"Wewe ndiye msomi wetu, dada. Nitasubiri simu yako."

Haukupita muda, mvua kubwa ikanyesha milimani usiku kucha. Asubuhi Mhandisi aliigawa hesabu ya mto vipande kumi na sita, kila kiini na chake, akabonyeza, akaegemea kiti. Jirani yake wa dawati, waliyemwita Bwana Pole kwa vile hakuna jambo lililowahi kumkimbiza, alichungulia kioo. Asilimia zilikuwa zinajikongoja.

"Mbona inasuasua?" akauliza. "Irudishe kwenye ile ya zamani. Saa sita haifiki tutakuwa na jibu."

"Ya zamani? Hebu nipishe huko."

Laiti angemsikiliza! Lakini alikwisha kujigamba mbele ya ofisi nzima, na kurudi nyuma kulimshinda. Akadhani vipande ni vichache, akaongeza. Mashine ikavuma, viini vyote vikaonyesha kuwa kazini, na hesabu ikazidi kuburuza miguu. Mdogo wake alipiga simu mara mbili, na mara zote akajibiwa, "Bado kidogo, mdogo wangu. Tulia."

Jibu lilitoka alasiri: mto utafurika. Alipompigia, simu ilipokelewa katikati ya kelele za maji.

"Yameshafika, dada. Matofali yalikuwa mabichi bado, sijayachoma. Yamerudi kuwa tope." Kisha akasema bila hasira, "Nilikuwa na vibarua hapa tangu asubuhi. Waliniomba tubebe. Nikawaambia wakae, dada atapiga."

Afadhali angemtukana. Mhandisi alishika tama mbele ya kile kioo mpaka ofisi ikafungwa.

Kosa alilipata kesho yake, na lilikuwa la kijinga mno. Programu yake ilitegemea kifurushi cha hesabu, yaani programu ndogo iliyokwisha tengenezwa na watu wengine, na kifurushi hicho nacho kilikuwa na tabia ya kujigawa kwa idadi ya viini vyote kinavyoviona. Yeye kagawa kumi na sita, na huko chini kila kipande kikajigawa tena kumi na sita. Vibarua zaidi ya mia mbili wakagombea nafasi kumi na sita, wakikanyagana na kupokonyana zamu, muda wote ukiishia kwenye kupishana tu. Naye kwa kiherehere chake akawaongezea wenzao! Dawa ilikuwa mstari mmoja, wa kukiamuru kifurushi kisijigawe. Hesabu ikaisha kabla chai yake haijapoa. Bwana Pole aliona, akamgusa bega, akaenda zake.

Mwezi uliofuata mvua ilirudi. Jibu lilitoka asubuhi na mapema, hata madirisha ya ofisi hayajafunguliwa. Mhandisi aliidaka simu, maana alitamani sana kusamehewa.

"Mdogo wangu, mto utafurika jioni. Una siku nzima. Hamisha!"

Nyuma ya sauti ya mdogo wake alisikia watu wakihimizana, na matofali yakipangwa.

"Tulianza jana, dada, tulipoona wingu," alimjibu kwa upole, upole ule wa kumjibu mgeni. "Lakini asante kwa kupiga."