Ee ya Celina

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa nne ya chai, wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili wa shamba moja la maua kule Timau waliitwa kwenye holi la kugredi maua. Viti havikuwepo. Walisimama kati ya meza na ndoo za waridi, mikono kwapani kwa baridi, na meneja, bwana Ndambiri, akapanda juu ya kreti akaanza kuwasomea utaratibu mpya wa dawa.

Zamani grinhausi ikipigwa dawa, hakuna aliyeingia mpaka kesho yake. Sasa, alisoma Ndambiri, watu wataingia baada ya nusu saa, kwa sababu ua halimngojei mtu.

"Tuko pamoja?"

"Ee," watu wakaitika.

Celina alikuwa mbele kabisa, na aliitika kwa sauti. Kwao, upande wa Kibirichia, mtu akiongea humwachi aongee peke yake kama aliyerukwa na akili. Kila akitua, unamwekea ee, kama unavyomshikia mtu ngazi: nakusikia, teremka polepole, ukifika chini nitasema yangu. Karibu naye, Mako, aliyezaliwa Marsabit, alisema ee wanayoitika Waborana wakiitwa: niko hapa. Mzee wa kufungulia maji alisema ee ya kuanzia sala, maana alikuwa ameshasikia ya kutosha, akaona afadhali aongee na Mungu. Mama mmoja wa kutoka Lodwar alisema yake kwa Kiturkana na hakuna aliyemuuliza maana yake. Waliosema ee ya kukubali walikuwa masupavaiza.

Ndambiri alitua mara tisa. Alipomaliza, Celina akanyoosha mkono ili aseme yake. Kengele ya kurudi kazini ikalia.

Hapo ndipo walipoziona ee sakafuni. Zilikuwa ndogo kama punje za ngano, na bado zilikuwa na joto la vinywa. Ukiiweka moja sikioni unamsikia mwenyewe. Beth, mdogo wake Celina, aliokota moja akacheka.

"Dada, hii ni yako. Ona vile imenona! Na nyumbani unasema hakuna chakula."

"Lete hapa, wewe."

Lakini mafagio yalikuwa yameshafika. Ee zikazolewa, zikapakiwa kwenye ndoo, zikabandikwa karatasi iliyoandikwa IDHINI, zikaingizwa kwenye chumba cha baridi pamoja na maua ya kwenda Ulaya, zisije zikanyauka.

Tangu siku hiyo mfanyakazi wa pale hakuwa na ee. Maneno mengine yote walibaki nayo. Walizoea. Ukimwita Mako, aligonga meza. Kanisani, bwana harusi mmoja alipoulizwa kama anamtaka bibi arusi, alipiga benchi kwa kiganja mara mbili, na pasta akaendelea.

Kwao Celina jambo hili halikuwa geni. Babu yao, Mithika, alizikwa bila dole gumba la kulia, lile la kovu la panga alilowasimulia wajukuu mpaka mwisho. Mwaka ambao shamba la ngano la jirani lilipanuliwa, aliitwa akabonyeza karatasi, wakamwambia ni ya kuonyesha kwamba amehudhuria mkutano. Alipoinua mkono, dole likabaki kwenye karatasi, na karatasi ikaenda na ekari zake kumi na moja. Aliishi miaka arobaini zaidi, akishika kikombe kwa mikono miwili.

Mwezi wa tatu Beth aliingia grinhausi namba saba dawa ikiwa bado inadondoka kwenye plastiki. Kufikia Pasaka alikuwa haoni. Nesi wa shamba alimpa maji ya macho na barua inayosema macho yamechoka. Daktari wa Meru mjini alisema jicho la kulia limekwisha, la kushoto linaweza kuokolewa likipasuliwa kabla ya miezi mitatu, na kwamba shamba ndilo lenye wajibu wa kumpeleka akapasuliwe. Shamba likajibu kwamba Beth aliingia kwa hiari, na kwamba wote walikubali, na dada yake ndiye aliyekubali kwa sauti kuliko wote.

Celina akaandikisha malalamiko, kisha akaenda ofisini kudai neno lake. Alimkuta Ndambiri kwenye simu na mamake aliyeko Runyenjes. Alisimama mlangoni akangoja. Ndambiri alisema ee, akasema ee, akasema ee, mpaka Celina akahamisha uzito kwa mguu mwingine mara nne. Ee zake hazikudondoka. Kwenye shamba lile zilidondoka za wafanyakazi tu.

"Mama anataka ning'oe macadamia yote nirudishe kahawa," alisema Ndambiri akiweka simu. "Hiyo siwezi."

"Lakini umemwambia ee."

"Si nilikuwa namsikiliza tu, Celina? Mzazi akiongea, utamnyamazia?"

"Basi hata mimi siku ile nilikuwa nakusikiliza tu."

"Najua," alisema Ndambiri. Hakuona haya wala hakukasirika. "Kwani nimelelewa wapi? Najua kabisa." Kisha akamwambia kwamba neno lake limeshatumwa Embu kama ushahidi, na kesi ni Alhamisi.

Malalamiko ya wafanyakazi wa Timau husikilizwa Embu tangu enzi za mkoa, makao yake yalipokuwa huko. Mkoa ulikufa, safari ikabaki. Celina alifika saa tatu na viatu vyenye udongo wa kwao. Mezani kulikuwa na waamuzi watatu, na karani aliyeitwa Lydiah alitoa ee kwenye sanduku la barafu kwa kibano, akaiweka juu ya kisahani.

Ilipopata joto ilifunguka. Ilisema kwa sauti ya Celina, yote, bila kuruka kitu: "Nakusikia, meneja. Sijakubali. Maliza, nikuulize hiyo nusu saa mmeipimia mapafu ya nani, na mdogo wangu anayefanya kazi namba saba ataoshea wapi macho, maana huko hakuna bomba." Kisha ikajifunga.

Wote waliisikia. Mmoja wa wale watatu alifuta miwani. Lydiah alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za jirani yake.

"Iko wazi sana," alisema mwenyekiti. "Mama, unakana kwamba hiyo ni sauti yako?"

"Ni yangu. Na umesikia ilichosema."

"Nimesikia. Tulichoitiwa hapa ni kujua kama ni yako." Akaandika, akisoma kwa sauti: mlalamikaji amethibitisha kwamba idhini ilitoka kinywani mwake.

"Basi nipeni niende nayo."

"Ni kielelezo, mama. Kielelezo hakitoki."

Lydiah akaibeba mpaka kwenye kabati, akavuta droo ya tatu, akaiweka kando ya dole gumba la kulia lenye kovu la panga. Celina alilijua kovu lile kwa kusimuliwa. Aliuliza kama anaweza kulishika kidogo. Lydiah akamwambia aandike barua.

Miezi mitatu ikapita, na jicho la kushoto likaenda nayo. Dawa hupigwa, na baada ya nusu saa watu huingia.

Jioni, Beth huketi kwenye kigoda karibu na jiko, anageuza uso huku na huku na kuita, "Celina! Uko?" Celina yuko, hatua mbili tu, anamenya viazi. Hufungua mdomo. Lakini mtu akiitwa jina lake, ee ndiyo hutoka mbele, na isipotoka, maneno mengine hukwama nyuma yake kama watu mlangoni. Beth huita tena.

Embu, kwenye droo ya tatu, Celina huitika: ee. Ee ile ikiitika, droo husukumika nje kidogo. Lydiah huirudisha kwa goti, bila kuweka kikombe chake chini.