Mpelelezi wa Ilula

Mwaka 1979, wakati Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, Ambrosi alikuwa akitazama televisheni kila Ijumaa jioni kule Mgololo. Wenzake walipomsikia akisimulia walidhani anawapiga fiksi, lakini ilikuwa kweli tupu. Ambrosi alikuwa dereva wa mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuja na ujenzi wa kiwanda cha karatasi, na mhandisi huyo alikuwa na televisheni na deki ya video sebuleni, jenereta nje, na dada huko kwao aliyemrekodia vipindi kwenye kanda na kumtumia. Mzungu mwenyewe alikuwa mpweke, hana mke wala mbwa. Akawa anamwita dereva wake aingie watazame wote.

Kanda zote zilikuwa za namna moja: hadithi za upelelezi za London ya zamani, enzi za magari ya farasi na taa za gesi. Ukungu wa London haukumbabaisha Ambrosi, maana wa Mufindi ni mzito zaidi. Kilichomteka ni mpelelezi, bwana mmoja mnene mwenye sharubu zilizoungana na ndevu za mashavuni, ambaye hakumuuliza mtu neno. Aliingia chumbani, akatazama kikombe, akainama kwenye tope la mlangoni, akanusa majivu ya tumbaku, basi, keshajua. Mwishoni aliwakusanya watu wote sebuleni, akatembea huku na huku mikono mgongoni, akieleza polepole, kisha ghafla akanyoosha kidole. Aliyenyooshewa aliishiwa nguvu hapohapo. Mzungu alikuwa anapiga makofi, na dereva naye anapiga makofi.

Ubaya wa mambo haya ni kwamba yanaonekana rahisi. Baada ya miezi michache Ambrosi alikuwa anawasoma wenzake kantini: wewe jana ulikunywa pombe ya ulanzi, wewe umegombana na mkeo. Akipatia wanamshangilia, akikosea wanasahau. Kichwa kikamvimba. Wakambandika jina la Inspekta, naye akalivaa kama koti jipya.

Jumamosi alikuwa anampeleka bosi wake Iringa mjini kwa marafiki, kisha anaruhusiwa kwenda na Landrova mpaka nyumbani Ilula, kwa mkewe Severina. Huyu Severina alikuwa mwanamke wa kusema. Akikupokea mkoba anaanza na kuku aliyetaga kichakani, anapitia bei ya nyanya barabarani, anakufikisha kwenye mahubiri ya padri na ndoto aliyoota jana, na chai bado haijachemka. Ambrosi alimpenda kwa hilo. Nyumba yake ilikuwa haina siri hata moja, na alivyokuwa mjinga hakujua kuwa huo ni utajiri.

Jumamosi moja alifika akakuta Severina ana maneno machache. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kina chai nusu, bado ya moto. Karibu na kigoda palikuwa na ugoro umemwagika sakafuni. Mlango wa uani haukuwa umekomewa, ilhali Severina alikuwa na tabia ya kuukomea.

"Ulikuwa na mgeni?" Hilo ndilo neno ambalo mume yeyote wa Ilula angelitamka. Lilimfika Ambrosi hadi mdomoni. Akalimeza. Mpelelezi haulizi.

Akatoka nje kama anayekwenda chooni. Kwenye udongo laini wa bustani ya nyanya akaziona nyayo za katambuga, zile kandambili za tairi. Nyayo kubwa, za kiume, zimetoka mlango wa uani zikapita kati ya matuta kuelekea uani kwa jirani yao Lea. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Moyo wake ukapiga, na hapa ndipo mtu anapotamani kumshika bega na kumtikisa, kwa sababu haukupiga kwa uchungu. Ulipiga kama ule wa mtu aliyeona swali la mtihani alilokwisha kulisoma.

Jumamosi iliyofuata, hivyohivyo. Kikombe, ugoro, nyayo. Na pale Ilula mtu mwenye katambuga kubwa, mvuta ugoro, anayeburuta mguu wa kushoto, alikuwa mmoja tu: Sedekia, mchuuzi aliyenunua nyanya za akina mama na kuzipakia kwenye malori ya Dar es Salaam, ambaye lori lilimwangukia mguu siku za nyuma. Sedekia alikuwa anafika kwa Severina kila wiki kuchukua matenga. Kila kitu kikakaa mahali pake. Ambrosi aliendesha kurudi Mgololo akipiga mluzi.

Sasa, mtu yeyote aliyelelewa Uheheni angejua. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Mama akija kumtembelea bintiye, anakuja mume akiwa safarini, na mume akisikika anarudi, mama anatokea mlango wa uani. Mlango huo una kazi hiyo tangu nyumba za watu wale zianze kujengwa. Ambrosi aliyajua haya kuliko hata sala zake, lakini kichwani mwake kulikuwa na London, na London anayetokea mlango wa nyuma ni mwovu.

Bibi Rozalia, mama yake Severina, alikuwa anatoka milimani huko Kilolo kuja kuchomwa sindano kwenye zahanati ya Ilula, akikaa kwa bintiye, na Ambrosi akija anahamia kwa Lea. Ugonjwa wake ulikuwa wa kike, wa sehemu ambazo mama hazitaji mbele ya mkwe, wala kwa mdomo wa binti. "Asijue," alimwambia Severina. "Nitaficha wapi uso wangu?" Severina aliyekuwa hana siri akabebeshwa moja, na ilimlemea. Maumivu yalimfanya mama aburute mguu, na katambuga alizovaa zilikuwa za marehemu mumewe, kwa kuwa viatu vya dukani wakati ule vilikuwa hadithi. Ugoro nao ulikuwa wake, kama vikongwe wengi wa milimani.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, Ambrosi aliwakusanya watu sebuleni kwake. Alimwalika balozi wa nyumba kumi, mzee Ezekia, akamwalika katekista, akamwalika Lea jirani, na Sedekia akaitwa kwa kisingizio cha matenga. Severina akaleta chai, akidhani mumewe amepandishwa cheo.

"Kamwene, wazee wangu," Ambrosi alianza, mikono mgongoni. "Nimewaita kwa jambo dogo. Kuna mtu anaingia nyumba hii nikiwa kazini. Nikija, anatoroka."

Severina akaweka birika chini.

"Sijamuuliza mtu," aliendelea, akitembea kutoka dirishani hadi kabatini, na chumba kilivyokuwa kidogo ilikuwa hatua chache tu na kugeuka. "Nimetazama tu. Mtu huyo anakunywa chai hapa. Anakaa kwenye kigoda, hakai kwenye kiti. Anavuta ugoro. Na akisikia gari langu, anatokea mlango wa uani."

Aliposema mlango wa uani, katekista aliinamisha kichwa. Lea akashika mdomo. Waliokuwamo chumbani walikuwa wamejua tayari, wote, isipokuwa mwenye kueleza.

"Ambrosi, mwanangu," mzee Ezekia alisema taratibu, "hebu kaa kwanza. Kunywa chai. Haya tutayaongea mimi na wewe."

Lakini kwenye kanda pia kulikuwa na mzee wa kumzuia mpelelezi, tena kila mara. Ambrosi akatabasamu.

"Bado kidogo, mzee. Mtu huyo anaburuta mguu wa kushoto." Akanyoosha kidole. "Sedekia, simama utembee!"

Sedekia hakusimama. Alimtazama Ambrosi kwa macho ya huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomkasirisha mpelelezi wetu, kwani aliyenyooshewa kidole alitakiwa kuishiwa nguvu.

"Baba Damari," Severina alisema, akimwita kwa jina la binti yao. Sauti ilikuwa chini kabisa. "Acha. Nakuomba, acha hapo."

Mtu anaweza kusamehewa mengi aliyoyafanya kabla ya neno hilo. Ambrosi akalisikia, akaliona kuwa ni kukiri. Akatoka kwa mlango wa uani, akafuata nyayo zilizoachwa asubuhi ile wakiwa misani, bado mbichi kati ya matuta, watu nyuma yake wakimwita. Lea akamkimbilia mbele, akasimama kwenye mlango wa jiko lake amenyoosha mikono.

"Shemeji, humu huingii! Hata kama una wazimu wa Mgololo, humu huingii!"

Akamsukuma. Akafungua.

Bibi Rozalia alikuwa amekaa chini karibu na mafiga, miguu ameitumbukiza kwenye karai la maji ya moto, kanga ameikunja mapajani. Katambuga zilikuwa pembeni. Aliinua uso, wakatazamana. Katika miaka yote ya ndoa ile Ambrosi alikuwa hajawahi kuuona uso wa mwanamke huyo, na alishangaa, akiwa bado ameshika mlango, kuona kwamba ni uso wa Severina aliyezeeka. Kisha mama akavuta kanga, akajifunika kichwa, akageukia ukutani. Alikaa vile, maji yakimtiririka miguuni, mpaka wanawake walipoingia wakamzunguka.

Kesho yake alipanda lori la kurudi milimani. Sindano hazikuwa zimekwisha. Severina alimfuata mara mbili kumbembeleza, akarudi peke yake. Mama alisema hana njia ya kupita Ilula, kwa uso upi? Masika hayajakatika, akafariki.

Wazee wa ukoo walimtoza Ambrosi mbuzi wa kusafisha macho, wakampokea, wakamruhusu atupe udongo kaburini na wakwe wenzake. Wakasema yamekwisha. Ni watu wastaarabu na walisema kweli kwa upande wao. Ambrosi alitoa mbuzi wa pili ambaye hakuna aliyemdai.

Siku ya kurudi, mume na mke walishuka milima kwenye Landrova aliyoazimwa na bosi. Ambrosi aliongea njia nzima. Alimlaani mzungu, akazilaani kanda, akaapa kutoingia tena sebule ile. Aliomba asamehewe. Severina alikuwa anatazama mashamba yanavyopita. Tangu siku ile ya jikoni alikuwa anamjibu vizuri, anampikia vizuri, na hamwambii lolote. Kuku akitaga kichakani Ambrosi hapati habari.

Walipokaribia barabara kuu ndipo Severina aliposema.

"Nina swali moja tu. Niwape watu jibu gani wakiniuliza, mimi nisiyejua? Kwa nini hukuniuliza?"

Ambrosi akafungua mdomo. Wivu, angeweza kusema wivu, na Severina angeuelewa, pengine hata angeutunza moyoni kama ishara ya kupendwa. Lakini haikuwa wivu. Zile wiki zote za kuinama kwenye tope la nyayo za mama mgonjwa, hakuwa ameumia hata siku moja. Alikuwa anafurahi.

Akabadilisha gia, wakaingia barabara ya lami.