Mfuniko Unaolia Klik

Ofisi ile ya mawakili ilikuwa na ghorofa mbili na ukweli wa aina mbili. Juu walikaa watu wa hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, ambao kazi yao ilikuwa kuapa kwamba pampu ya pumu ya mteja wao haina mfano duniani. Chini walikaa watu wa kesi za ushindani, ambao kazi yao ilikuwa kuapa kwamba pampu hiyohiyo ni kitu cha kawaida kabisa, madukani zimejaa za kila namna, sasa nani huyo anayesema mteja amehodhi soko? Kwa amri ya bosi, wa juu na wa chini hawakuruhusiwa kuzungumza kazi. Wakikutana kwenye ngazi walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, basi.

Mama Kasuku alikuwa wakili wa juu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya bintiye, ambaye akiwa mzima hafungi mdomo hata akila, lakini pumu ikimbana kimya chake hutisha nyumba nzima. Kasuku naye alitumia pampu ya mteja. Bei ilikuwa kali mno, hata bibi yake akaamua kwamba pale daktari alipoandika mivuto miwili, mmoja utatosha.

"Tunaibania tu, mwanangu," bibi alisema, "mpaka kile kiwanda kingine kitoe ya kwao."

Ya kwao ilikuwa tayari, imepangwa ghalani. Kilichoizuia isiuzwe ni amri ya muda ya mahakama, na hoja za kuiombea amri hiyo aliziandika Mama Kasuku mwenyewe, kwa vidole vyake hivi hivi vinavyomsuka Kasuku nywele.

Dawa iliyomo ndani ilikuwa kongwe, hataza yake imeshakwisha. Ndipo mteja akabuni mfuniko mpya: ukiufungua unalia klik. Akaombea klik hiyo hataza mpya, na makaratasi ya kuielezea yalikuwa mazito kuliko Kasuku na viatu vyake. Pampu ya wapinzani nayo ikathubutu kulia klik. Wakashtakiwa. Nao wakamshtaki mteja kwa kuhodhi soko.

Mambo yakaharibika pale mama Jaji alipoona mteja ni yuleyule katika kesi zote mbili, akaziunganisha zisikilizwe pamoja. Hapo ndipo ghorofa mbili zilipogundua kwamba, kwa kutosemezana, kila moja imemwajiri shahidi yuleyule: Profesa wa dawa, mtu wa ndevu nyeupe na sauti nzito, ambaye hata akisema mvua inanyesha unatamani kuandika.

"Tutafanyaje, Mzee?" Mama Kasuku alimuuliza bosi. Ofisini bosi aliitwa Mzee Pingamizi, maana alipinga kila kitu, hata hali ya hewa.

"Profesa ni msomi," alijibu. "Atasema inategemea."

Siku ikafika. Wakili wa wapinzani, mwanamke mfupi mwenye mafua, akasimama akipangusa pua.

"Profesa, mgonjwa akiikosa pampu hii, atatumia nyingine?"

Profesa akawatazama watu wa juu, wakatikisa vichwa. Akawatazama watu wa chini; wakaitikia kwa vichwa.

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea..." Jasho likamtoka. "Inategemea ni kesi ipi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Karani wa mahakama akajifanya anakohoa.

Mzee Pingamizi akamkanyaga Mama Kasuku mguu chini ya meza. "Simama umsafishe! Muulize kama klik haijaokoa watoto. Si ulimfundisha jibu?"

Alimfundisha, ndiyo. Profesa alishakariri hadi mahali pa kutoa kitambaa. Lakini asubuhi ile Mama Kasuku alimwacha mwanawe amekaa kitandani, mabega yamepanda hadi masikioni, akiivuta hewa kama inayopita kwenye tundu la sindano. Klik haikumsaidia chochote. Bibi alikuwa amesimama pembeni na pampu mkononi, anaona huruma na anaogopa kuimaliza.

"Siulizi, Mzee."

"Unasemaje?"

"Najua si kweli. Mwanangu anaitumia."

"Binti, unaichezea kazi yako."

"Basi simama wewe."

Mzee Pingamizi akasimama. Faili hakuwa amelifungua, yeye hufunguliwa mafaili na wengine. Kwa hiyo akauliza swali ambalo hata mwanafunzi wa sheria anakatazwa, lile usilojua jibu lake.

"Profesa! Wewe nyumbani kwako mnaamini pampu ipi?"

Profesa akashusha pumzi. Hatimaye, swali ambalo hakuna aliyemfundisha jibu lake.

"Mke wangu ndiye mwenye pumu. Tunatumia ya wapinzani. Shemeji hutuletea kutoka ng'ambo."

"Lakini... hii klik?"

"Yao si inalia pia? Na hata chupa ya shampuu ya mke wangu inalia klik, Mheshimiwa. Inalia tangu tulipooana, na sasa tuna wajukuu."

Mama Jaji akavua miwani, akaipangusa polepole. Kisha akaiondoa amri ya muda palepale: wapinzani wauze dawa yao, mengine yatafuata kwenye hukumu.

Kule kwenye ukumbi wa nje, Mzee Pingamizi alikuwa amezungukwa na waandishi wa habari. "Tumefurahi sana," alikuwa akisema, "mahakama imetambua umaarufu wa teknolojia ya mteja wetu." Alipowamaliza akamgeukia Mama Kasuku. "Meza yako iwe wazi leo."

"Sawa, Mzee."

Meneja wa mteja akamvuta bosi mkono. "Na boksi je? Tukilifanya la pembe sita?"

"Pembe sita!" Macho ya Mzee Pingamizi yakawaka. Akageuka kumwamuru Mama Kasuku aandike ombi la hataza, kwa mazoea tu.

Mama Kasuku hakuwapo. Alikuwa ameshavuka upande wa pili, joho begani, anasubiri wakili mwenye mafua amalize kupiga chafya.

"Pole na mafua, dada. Samahani, zile pampu zenu, zitafika madukani lini?"

"Magari yanapakia sasa hivi. Mbona una haraka hivyo, unataka kutushtaki tena?"

"Nina mtoto," akasema Mama Kasuku. "Niambie duka litakaloletewa mwanzo, nikasimame mlangoni."