Ujumbe Uliopita Makambako

Kabla soko huria halijafika Makambako, sheli ya njia panda ilikuwa ya ushirika. Ilijengwa kwa makato ya mahindi na pareto ya wakulima, na wakulima hao hawakuulizwa siku ilipouzwa. Walioiuza wako hai, wanakaa nyumba za vigae, na majina yao hayajasahaulika. Lakini habari hii ni ya Letisia, ambaye madereva wote wa njia ya Zambia walimwita Mama Odilo.

Alitoka Mjimwema, Njombe, akiwa mjane, akaweka meza yake ukutani mwa sheli ile: chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha kutoka Ipelele. Dereva akishajaza mafuta hunywa kwanza, kisha hutoa alichotumwa: fulani kafika salama, fulani gari limemharibikia, mke wa fulani kajifungua. Mama Odilo huyashika yote kichwani, na mhusika akipita huyapata yangali moto kama chai. Simu ilikuwa ya wakubwa huko maofisini. Walalahoi walikuwa na meza ile.

Mwanawe wa pekee, Odilo, alikuwa utingo wa malori. Safari ya mwisho aliondoka kwenda Tunduma akiwa na kikohozi kilichomkausha mashavu. Mama alimsihi abaki. Odilo akamtania kwamba magurudumu hayajui nani anaumwa. Kisha utani ukamwisha.

“Nikizidiwa, mama, nitatuma mtu kwako. Usitoke pale.”

Hakutoka. Alitolewa.

Kampuni iliyonunua sheli ilikuja na duka la vioo, pacha wa maduka yake ya Iringa na Mbeya: rangi ile ile, rafu zile zile, hata biskuti zimepangwa vile vile. Meneja, bwana Filbert, alisema meza ya chai inaharibu sura ya kampuni. Mama hakuigombania meza. Aliomba kigoda tu, akae pembeni bila kuuza kitu, amngoje mtu wa mwanawe. Filbert akamjibu kwamba hapo si hospitali, watu hawaji kungojea wagonjwa. Mgambo wakaibeba meza. Wanaume waliokunywa chai yake miaka nenda rudi walitazama, wengine wana soda za duka hilo mkononi.

Akahamia steshoni, kunakosimama treni na si malori. Kabla ya kuhama alimwendea Rehana, binti wa dukani, mtoto wa mpakia mizigo wa hapo hapo mjini, akamweleza kila kitu. Rehana alimshika mikono, akaapa kwamba hata usingizini hatasahau. Kila Jumapili baada ya misa mama alipita dukani, na kila Jumapili Rehana alitikisa kichwa: bado.

Kumbe kampuni ilikuwa na desturi yake. Wauzaji huzungushwa duka hadi duka, wasije wakazoeana na wateja. Jumatatu moja Rehana akapakiwa kwenye gari la kampuni kwenda Mbeya, hata kuaga hakupewa nafasi. Akaletwa Lulu kutoka Iringa, msichana mwenye adabu zake, asiyemjua mtu.

Alhamisi ya wiki hiyo akaingia Halfan, dereva wa Tanga, akitokea Tunduma. Odilo alikuwa kalala gesti, hawezi kunyanyuka, anamtaka mama yake. Halfan akaitafuta meza, haipo. Akauliza dukani. Lulu akamjibu kwa upole kwamba mama huyo hamjui. Huku nje mlinzi anagonga bodi, lori lisogee. Halfan akawaza kama ambavyo dereva yeyote wa njia ile angewaza: Mama Odilo haachi pahala pake. Kama hayupo, basi kuna mwenzao aliyetangulia kumpa habari, na sasa yuko njiani kwa mwanawe. Akamshukuru Mungu, akawasha gari.

Jumapili mama alipopita dukani, Lulu alimjibu kwamba hakuna aliyeacha ujumbe. Halfan aliporudi kutoka Dar alipita steshoni kuchukua mzigo, akamkuta mama anamenya viazi.

“Mama, umesharudi? Odilo hajambo?”

“Nimerudi kutoka wapi, mwanangu?”

Halfan akakaa chini, pale pale kwenye kokoto za reli.

Mzigo aliuacha. Alimpakia mama wakaenda Tunduma bila kusimama. Tausi, mwenye gesti, aliwapokea kwa sauti ya chini. Odilo alikuwa amekwisha kuzikwa. Kila liliponguruma lori kutoka Makambako aliuliza kama mama yake kashuka. Hakushuka mtu, nao wakadhani hana mtu. Madereva walichanga sanda, wakamzika kwa dua waliyoijua wao, kisha mmoja, kwa kuwa walimkuta na rozari, akafunga vijiti viwili kuwa msalaba.

Mvua ilikuwa imeshausomba msalaba ule. Mama hakulia. Aliuzunguka udongo mwekundu polepole, akasimama.

“Kichwa kiko upande gani?”

Tausi akamtazama Halfan, Halfan akatazama chini. Mama akapiga magoti katikati ya kaburi, akanyoosha mikono yake yote miwili, mmoja huku na mmoja huku.