Risiti za Njugu

Mwaka ule wa tisini na tano, siku Mumbua aliporudi Zombe kutoka Kitui mjini na disketi mkononi, hakuna aliyemweza kwa maringo. Aliibeba kama yai. Mpwa wake Mulei, karani katika ofisi yenye kompyuta, alikuwa amechapa humo hesabu zote za kikundi cha akina mama: mabati, misumari, saruji, hadi nauli ya fundi. Miaka minne, jamani, ndani ya kitu kinachoenea katikati ya kurasa za Biblia!

"Na karatasi je?" aliuliza Kavata.

Huyu Kavata ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote kikundini, na alikuwa na lake moyoni. Tangu tangi la kwanza la maji lijengwe, kila baada ya ibada alinong'ona kwamba pesa za saruji zililiwa na mweka hazina. Na mweka hazina ni nani? Ni Mumbua.

"Karatasi zinaliwa na mchwa, mwaitu," Mumbua alimjibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mamake. "Hii mchwa hawaiwezi."

"Haraka haraka haina baraka."

Mumbua akacheka tu. Gunia zima la risiti akampelekea rafiki yake Khamisa, muuza njugu, awafungie wateja. Khamisa akafurahi, akamjazia njugu za bure mikono miwili. Mnaona mambo yanavyojipanga? Mtu anajichimbia kaburi huku anatafuna.

Kwani siku ya soko iliyofuata, bila hodi wala barua, Bwana Ndolo akashuka kwenye basi. Ndiye mkaguzi wa wafadhili. Akina mama walikuwa wameomba pesa za tangi la pili, naye alikuja kuona kama zile za kwanza zilitumika vizuri. Mumbua akamkabidhi disketi, akitabasamu hadi magego yakaonekana.

Bwana Ndolo akaigeuza huku na huku. Akainua macho kutafuta waya wa stima. Zombe nzima hakuna.

"Mama, hii niisome kwa tochi?" aliuliza. "Mimi nataka risiti zenye mhuri. Basi linarudi saa tisa. Bila risiti hakuna tangi, na itabidi niandike kwamba pesa hazijulikani zilikokwenda."

Tangi ni kitu kimoja, jina la Mumbua ni kingine. Kavata akisikia maneno hayo, si atayatangaza hadi Mwingi!

Akakimbia. Yeye, shemasi wa kanisa, mama wa watoto watano, alikata soko katikati ameshika rinda kwa mikono miwili, kiatu kimoja kikibaki kwenye nyanya za watu.

"Khamisa! Khamisa wee! Usiuze njugu!"

"Ala! Nisipouza nitakula nini?"

Mumbua akachungulia gunia lililofunguliwa asubuhi ile. Limefika nusu! Risiti nyingine zote zilikuwa mikononi mwa watu, zimekunjwa kama pembe, zimejaa njugu. Akapanda juu ya kigoda cha Khamisa akapaza sauti, "Watu wa Zombe! Mlionunua njugu leo, nisaidieni! Kuleni njugu, nileteeni karatasi!"

Soko likaangua kicheko. Watu wakamwaga njugu mifukoni, kofiani, mdomoni. Wenye mashavu yaliyojaa wakaanza kusoma kwa sauti.

"Misumari kilo tatu!" alisema muuza mbuzi.

"Mabati kumi na mawili!"

"Fundi Musembi, amelipwa zote! Aiya, Musembi! Si ulituambia akina mama walikudhulumu?"

Musembi akakumbuka ana shughuli nyuma ya magunia ya pojo. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Mumbua naye, pamoja na hofu yake, alicheka mpaka kigoda kikayumba.

Akina mama wakazipokea, wakakung'uta chumvi kwa leso, wakampangia mkaguzi aliyekalia kreti ya soda. Naye alikuwa anatafuna.

"Inakosekana moja," alisema mwishowe. "Ya saruji. Na ndiyo kubwa."

Saruji! Kati ya zote, saruji! Basi likapiga honi. Mumbua akageuza gunia, akalikung'uta, vumbi tupu. Akaketi chini.

Hapo Kavata akapenya katikati ya watu. Polepole akafungua fundo la leso yake, akatoa karatasi iliyokunjwa ndogo sana.

"Nilinunua njugu asubuhi," alisema, na hakumtazama Mumbua. "Nikaisoma. Mifuko arobaini, na mhuri. Nikaifunga hapa, nikasema nitaitupa chooni, maana mimi na mdomo wangu tutaweka uso wapi?" Akampa mkaguzi karatasi. "Nimekusengenya bure, mwanangu. Nisamehe."

Mumbua hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili. Akamkumbatia yule mama mbele ya mbuzi na watu, njugu zikimwagika kutoka kwenye leso ya Kavata. Bwana Ndolo akatia sahihi, akakimbilia basi akisema tangi wamepata, na kwamba hesabu zilizokaguliwa na soko zima hajawahi kuziona.

Jioni kikundi kikaketi kuamua: tangu leo, karatasi au disketi?

"Wekeni zote mbili," alisema Kavata. "Disketi ni kinga ya mchwa. Lakini karatasi msizitupe. Hicho kidude kingenifungia njugu? Ningekufa nikikusengenya, Mumbua, na ningekufa nikiamini nasema kweli."