Bi Fakhriya na Khabari za Dublin

Bi Fakhriya wa Ibra, Omani, alikuwa hajapata kufika Ulaya, lakini mwaka ule wa 2025 alizijua khabari za Ayalandi kuliko za mtaani kwake. Mjukuu wake, Lujain, alikuwa akisomea udaktari Dublin. Januari, kimbunga kilipong'oa mapaa huko na kukata umeme, bibi alishinda na simu mapajani. Tangu hapo kila siku humwambia mwanawe Humaid, babake Lujain, "Nisomee, leo kuna nini kwao?"

Jumapili moja ya Julai Humaid alikuwa akisoma, akamwinulia mamake macho.

"Sema."

"Kuna mgeni kapigwa Dublin, mama. Mhindi. Genge la vijana limemvamia njiani."

Mwaka wa sitini na nne, wakati wa mapinduzi ya Unguja, bibi alikuwa na miaka sita alipofichwa uvunguni mwa kitanda. "Mpigie mwanao."

Simu haikushika. Humaid akakumbuka kuwa binti kaenda kutazama fainali ya haling, mchezo wao wa magongo, baina ya timu za Cork na Tipperary. Akaufungua kwenye kompyuta. Bibi akaona watu elfu themanini wakipiga kelele, na wachezaji wakikimbizana magongo juu.

"Humo ndimo alimo? Ya Rabbi!"

"Ni mchezo tu, mama."

Tipperary wakashinda, watu wakakumbatiana, na simu bado haishiki. Isha bibi aliisali akikosea rakaa. Alipomaliza, simu ikalia.

"Shikamoo bibi. Mimi mzima. Uwanjani watu wengi, mtandao hakuna."

"Marahaba. Mbona sauti imekukauka?"

Lujain akaanza kulia. Uwanjani watu walikuwa wema. Ni kwenye basi, wakati wa kurudi. "Mtu mmoja alinivuta mtandio, bibi. Akasema rudi kwenu. Basi zima wakaangalia chini."

"Arudi kesho!" alisema Humaid.

Neno hilo Bi Fakhriya alilitaka tangu Januari, lakini alipolisikia likamkaa vibaya. "Sisi tushakimbia mara moja, kutoka Unguja," alisema. "Lujain, wataka kurudi?"

"La, bibi. Bado mwaka mmoja. Lakini naogopa kutoka peke yangu."

"Basi hutatoka peke yako. Humaid, nitafutie viza."

Oktoba alishuka Dublin na makoti mawili, nguzo za taa zimejaa picha za wagombea urais. Asubuhi ya kwanza walisimama kituoni. Kila kijana aliyepita na kofia ya koti kichwani bibi alimfuata kwa macho. Basi lilipokuja, alirudi nyuma hatua moja. Lujain akamshika, wakapanda, wakakaa nyuma ya dereva.

Jioni Humaid alipiga simu. "Umezoea, mama?"

"Sijazoea. Naogopa vile vile. Kesho Lujain anaingia chuoni saa mbili, nami nakwenda naye."